Gitaa la Amadou Halikuomba Huruma

Tangu Amadou Bagayoko alipofariki mjini Bamako tarehe 4 Aprili 2025, akiwa na umri wa miaka 70, nimesoma na kusikia mengi juu yake, na karibu yote huanza na macho. Yeye na mkewe, Mariam Doumbia, waliitwa vipofu wawili wa Mali popote walipokwenda, hata likawa ndilo jina lao la biashara. Mimi sikubaliani na kuwasikiliza kwa njia hiyo. Nitatoa sababu zangu kwa albamu moja tu, Dimanche à Bamako, iliyotoka mwaka 2004.

Maana ya jina hilo ni Jumapili mjini Bamako. Huko Jumapili ndiyo siku ya arusi, na msomaji wa Mwambao hahitaji kufafanuliwa zaidi: jamaa wamekusanyika, ngoma zinalia, nguo mpya zimetoka sandukuni. Wimbo wa Beaux dimanches unasimulia hayo hayo. Lakini asitarajie taarab. Hapana udi wala fidla. Gitaa la umeme la Amadou hushika kipande kifupi, likakizungusha na kukizungusha, ngoma na besi zikilisukuma kwa nyuma, mpaka mguu wa msikilizaji uanze kutikisika bila idhini yake. Amadou aliwapenda sana Jimi Hendrix na John Lee Hooker, na hakulificha hilo. Naye Mariam haipambi sauti kama wafanyavyo waimbaji wetu. Huimba kwa sauti nyembamba, iliyonyooka, kama mtu anayekwambia jambo la kweli.

Wako waliodai kwamba albamu hiyo si yao hasa, bali ni ya Manu Chao, mwanamuziki wa Ufaransa aliyeisimamia. Kwamba alitia mkono wake ni dhahiri. Zile kelele za barabarani zilizopenyezwa baina ya nyimbo ni mtindo wake, na katika Sénégal Fast Food namsikia kupita kiasi. Tena jina lake liliwafungulia milango, na mwaka 2005 albamu ikapata tuzo ya Victoires de la Musique huko Ufaransa. Hata hivyo, mpishi mgeni hawezi kudai kwamba na samaki amemvua yeye. Katika miaka ya 1970 Amadou alikuwa mpiga gitaa wa Les Ambassadeurs, bendi ya moteli ya Bamako aliyoiimbia Salif Keita. Mwaka 1986 mume na mke wakahamia Abidjan, kwenye studio bora zaidi, wakatoa kanda zenye gitaa moja na sauti mbili. Kanda hizo zilienea Afrika Magharibi kama zilivyoenea kwetu kanda za Mbwana Radio Service ya Mombasa. Ulaya ilipowagundua, walikuwa mafundi wa siku nyingi.

Siku moja niliipiga albamu hiyo barazani kwa mzee mmoja wa Kuze, aliyekuwa mpiga udi ujanani mwake. Sikumwambia lolote. Ulipofika wimbo wa Coulibaly akaniomba niurudie, kisha akauliza ni nani huyo mwenye gitaa. Nikamjibu kwamba ni kipofu wa Mali.

"Nimekuuliza habari za vidole, mwanangu," akasema. "Hayo ya macho ni yako."

Niliona haya, maana nami nilikuwa nimefanya yale yale ninayowalaumu wenzangu kwayo. Kwetu kipofu hupewa sadaka mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa, na ni jambo jema. Kazi ndiyo hapewi. Amadou aliharibiwa macho na mtoto wa jicho, Mariam akapofuka utotoni kwa sababu ya surua, maradhi ambayo leo yana chanjo. Walikutana katika chuo cha vijana vipofu cha Bamako. Chuo hicho kilikuwa na bendi yake, Eclipse, chini ya Idrissa Soumaoro. Wakapata ala na mwalimu, na watu wa kuwasikiliza. Mwaka 1980 wakaoana.

Mali nayo imekuwa ikitazamwa kwa jicho la huruma tangu mwaka 2012, wakati makundi yenye silaha yalipoteka Timbuktu, Gao na Kidal, yakapiga marufuku muziki kwa jina la dini yetu. Mjadala wa halali na haramu ya ala ni wa zamani hapa Mwambao pia, na sitauamua katika ukurasa huu. Lakini wanavyuoni wetu wameujadili kwa vitabu, si kwa bunduki. Anayeijua Mali kwa habari za vita tu atakutana katika albamu hii na nchi nyingine: madereva wa malori wakilaumiwa, wanasiasa wakisutwa, na bibi arusi akisubiriwa.

Atakayeitafuta asianze na ule wa arusi uliovuma. Aanze na Coulibaly, aipige kwa sauti ya juu, na asiwaambie wenzake lolote kuhusu wapigaji mpaka wamwulize.