Chombo Kikijaa, Mlango Ufungwe

Tarehe 13 Februari 1938, watu wa Sydney walipanda kivuko kiitwacho Rodney kwenda kuwaaga mabaharia wa manowari ya Kimarekani, USS Louisville, iliyokuwa ikiondoka bandarini. Mchana kweupe, ndani ya bandari, hakuna dhoruba. Wengi walijazana sitaha ya juu ili waone vizuri. Walipokimbilia upande mmoja kupunga mikono, kivuko kikapinduka. Watu 19 wakafa.

Miaka 80 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilitoka Bugolora kwenda Ukara, Ziwa Victoria, hapa kwetu Tanzania, siku ya gulio. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Ilipokaribia gati, abiria wakaanza kusogea upande wa kushukia, nayo ikalala. Waliokufa ni 228. Rudia hesabu hiyo taratibu: maiti peke yake ni zaidi ya mara mbili ya watu walioruhusiwa kupanda.

Tunazitaja ajali hizi mbili pamoja kwa sababu tumechoka kuambiwa kwamba wenzetu wana maji tofauti au akili tofauti. Sydney nao wamezika. Mwaka 1927, kabla ya Rodney, kivuko Greycliffe kiligongwa na meli kubwa iitwayo Tahiti katika bandari hiyo hiyo. Walikufa watu 40, wakiwemo wanafunzi waliokuwa wakirudi nyumbani. Mji huo umejifunza kwa machozi kama sisi. Tofauti ni kile kinachofanyika leo mlangoni.

Nenda Circular Quay jioni, watu wakitoka kazini. Vivuko vikubwa vya kwenda Manly, vile vya daraja la Freshwater, vimepewa uwezo wa abiria 1,100. Baharia anasimama pale watu wanapopandia, mkononi ana kihesabio kidogo cha kubonyeza kwa kidole gumba. Kila kichwa kinachopita, anabonyeza. Idadi ikitimia, njia inafungwa. Aliyebaki nje anabaki nje, hata kama ana haraka, hata kama mwenzake ameshaingia. Anasubiri, kwa sababu anajua kivuko kingine kinakuja na saa yake inajulikana.

Ndiyo dawa yenyewe. Hesabu watu, funga mlango, leta chombo kingine. Hatujasahau majaketi ya kuokolea, wala mafunzo ya manahodha, wala ukaguzi wa injini, vyote vinahitajika. Lakini chombo kilichobeba watu mara mbili ya uwezo wake hakiokolewi na jaketi. Debe likijaa, ukizidi kumimina mahindi yatamwagika, na hakuna anayehitaji tume ya kuchunguza kwa nini.

Visingizio tunavijua kwa moyo. Cha kwanza: abiria wenyewe wanalazimisha. Kweli, wanalazimisha. Mama mwenye magunia yake ya dagaa anayejua kwamba akiachwa leo atalala gatini, na kesho hana uhakika wa safari, atasukumana. Nani asingesukumana? Mpe ratiba ya kweli, na siku ya gulio au mkesha wa sikukuu ongeza safari, uone kama hatatulia. Sikukuu zinajulikana mwaka mzima kabla. Gulio lina siku yake. Hakuna mwenye chombo anayeweza kusema alishtukizwa na Idd.

Cha pili: tiketi ndizo hesabu. Hapa ndipo tunapojidanganya sana. Tiketi si mtu. Mtoto mgongoni kwa mama hana tiketi. Kijana aliyeelewana na wa mlangoni hana tiketi. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza, ilikuwa na orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu, wale wa nauli nafuu, hawakuwa na orodha. Maana yake, maskini alipanda bila kuandikwa na akafa bila kuandikwa. Kwa MV Nyerere, mkata tiketi alikufa na mashine yake ikapotea naye, basi hata idadi ya waliopanda ikawa ya kukisia.

Na meli ya Spice Islander I? Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama eneo la Nungwi. Uwezo wake ulikuwa watu kama 600 hivi. Siku ya kwanza yalitajwa mamia ya abiria. Uchunguzi ulipokamilika ikaonekana walikuwa zaidi ya 2,000. Watu walikwenda viwanja vya Maisara kutafuta ndugu zao kati ya maiti, na wengi hawakuwapata. Mtu asiyekuwa kwenye orodha, nduguye atamdai kwa nani?

Kwa hiyo kihesabiwe kichwa, mkubwa na mdogo, mwenye tiketi na asiyekuwa nayo, aliyelipa daraja la juu na anayekaa juu ya magunia. Na orodha nakala yake ibaki nchi kavu. Orodha inayozama na meli haina faida kwa yeyote.

Cha tatu: vifaa hatuna. Hiki hatukikubali kabisa. Kihesabio cha mkono ni kitu cha kuingia mfukoni. Kikikosekana, kuna ubao na chaki. Mwaka 1876 bunge la Uingereza, baada ya Samuel Plimsoll kupiga kelele miaka kadhaa kuhusu meli zinazopakiwa hadi kuzama, lilipitisha sheria kwamba kila meli ya mizigo ichorwe alama ubavuni kuonyesha mwisho wa kupakia. Maji yakifika kwenye alama, basi. Brashi na kopo la rangi. Mpaka leo meli za dunia nzima zina alama hiyo, na imeokoa mabaharia wasiohesabika. Kama rangi iliweza, ubao na chaki vitashindwa nini Bugolora?

Kinachokosekana ni mtu wa kusema hapana, na hapana yake ikaheshimiwa. Kila abiria wa ziada ni pesa, na pesa hiyo ina mwenyewe. Nahodha akikataa kung'oa nanga, kesho anaweza kukosa kazi. Ndiyo maana mhesabuji asiwe mwajiriwa wa mwenye chombo. Awe wa mamlaka, asimame gatini, na bila saini yake chombo kisitoke. Shirika la uwakala wa meli, TASAC, kwa Bara na mamlaka ya usafiri wa baharini Zanzibar ndizo zenye dhamana hiyo. Ziweke mtu kila gati, siyo bandari kubwa tu. Vyombo vya serikali visiachwe nje. MV Nyerere ilikuwa ya serikali, chini ya wakala wake wa ufundi na umeme, TEMESA.

Tunajua pia kwamba baada ya kila msiba watu hukamatwa. Wakamatwe. Lakini pingu za baada ya mazishi hazijawahi kumshusha abiria hata mmoja kutoka chombo kilichojaa. Faini itozwe kabla nanga haijang'olewa, hata kama maji yametulia na hakuna aliyeumia.

Wako watakaosema ajali ni kudra. Kudra tunaiamini. Lakini kivuko cha Mtongwe, Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994, kilikuwa cha watu 300 kikapakia wapatao 400, na watu 272 wakafa karibu kabisa na nchi kavu. Wale mia wa ziada walipandishwa na binadamu, mmoja mmoja, mlango ukiwa wazi.

Nawe msomaji una sehemu yako. Idadi inayoruhusiwa huandikwa kwenye chombo. Itafute kabla ya kupanda. Uliza kwa sauti nani anahesabu. Ukiona watu wamesimama hadi kwenye ngazi, shuka na watoto wako, hata kama nauli umeshalipa.