Dorine Mokha hakuwa mugeni wa huu mji



Kila mara tunapokutana kuna mtu anayerudilia maneno yale yale: "Mambo ya mashoga ni ya bazungu, haiko ya kwetu." Wamoja wanacheka, wengine wanaangalia chini. Tuseme kweli: na sisi, vijana wa kundi hili, tumenyamaza mara mingi.

Basi leo tuongee juu ya Dorine Mokha.

Alikuwa mtoto wa Lubumbashi. Alisoma sheria kwenye Chuo Kikuu chetu, kisha akachagua dansi. Alifanya kazi na Studios Kabako ya Faustin Linyekula, kule Kisangani. Katika mchezo wake Entre deux alijiweka yeye mwenyewe mbele ya watu: mwanaume anayependa wanaume, ambaye mtaa mzima unataka ajibu kama yeye ni huyu ao yule. Hakujificha nyuma ya hadithi ya mwingine. Kwa mtu anayekaa hapa, anayepanda taxi-bus na sisi, iyo haiko mchezo hata kidogo! Alicheza Ulaya, na wangapi wakifika kule hawarudi? Yeye alirudia, akaongoza ART'gument Project hapa hapa Lubumbashi.

Na juu yetu alisema nini? Pamoja na Elia Rediger, mwanamuziki wa Uswisi, na mpiga gitaa Kojack Kossakamvwe, alitengeneza Hercules of Lubumbashi, oratorio ya migodi. Shaba, kobalti, jasho la wachimbaji, mali inayoenda na vumbi linalobaki kwetu: mambo tunayolalamikia barabarani, yeye aliyapeleka kwenye majumba ya Ulaya. Sasa mutuelezee. Akiongea juu ya migodi ni wetu, akiongea juu ya moyo wake ni wa bazungu?

Kama munatafuta kitu cha bazungu, tutawaonyesha. Hakuna sheria ya Kongo inayosema kuwa shoga ni kosa. Kinachotumiwa kuwatisha watu ni artikulo 176 ya kodi penali, ile ya "tabia njema". Iyo kodi ni dekreti ya 1940, ya Wabelgiji. Njo urithi munaotetea! Artikulo 40 ya Katiba inaongea juu ya ndoa. Haisemi popote kupiga mtu ao kumunyanganya simu. Lakini artikulo 66 inasema wazi: kila Mkongomani ana deni la kuheshimu mwenzake bila ubaguzi. Mbona iyo hamuisomake?

Tunajua jibu: "Kwanza maji, kwanza umeme." Hata sisi tumelisema, na tulikosea. Kijana anasimamishwa usiku, anaombwa franka juu ya namna anavyotembea, asipotoa wanamutishia kuita baba yake. Tofauti gani na dereva anayenyonywa kwenye bariera? Kwa dereva tunaandamana. Kwa huyu kijana tunasema alijitafutia.

Dorine alikufa mwezi wa kwanza 2021. Kundi letu halikutoa tamko hata moja. Hili ndilo, limechelewa.

Mkutano wa Siku ya Posho uko wazi kwa wote. Anayetaka kuja kumucheka mwenzake, abakie kwake.