Mwali, Yaunge Maandishi Yako



Tulikwenda Kagera kwa harusi. Nikaha ilikuwa Bukoba mjini, kwao bi harusi ni Muleba, na sisi wa kisiwani tulioshuka basini na miguu imevimba tulipokewa kwa kahawa ya kutafuna na sinia la ndizi. Usiku wa kuamkia ndoa shangazi yake akamuuliza: "Mwanangu, mahari itakayobaki ni kiasi gani, na mlikubaliana mbele ya nani?"

Mwali alikuwa ameandika, wallahi. Ila kiasi kilikuwa kwenye ujumbe wa WhatsApp aliojitumia mwenyewe, majina ya mashahidi kwenye daftari lililobaki Muleba, na tarehe kwenye picha iliyozama katikati ya picha za mishono ya magauni. Tulitafuta mpaka saa saba usiku.

Kwa hiyo tunasema wazi: kuandika peke yake hakutoshi, ukurasa mmoja uujue mwenziwe. Programu kama Obsidian na Logseq zinafanya hivyo. Unaandika [[Mahari]] ndani ya mabano mawili ya mraba, na neno linageuka njia, ukiligusa unafika. Ukifungua ukurasa wa shahidi, unaoneshwa kila pahala ulipomtaja. Wala wazo si la jana. Niklas Luhmann, msomi wa Kijerumani aliyefariki 1998, aliacha vikadi vya karatasi vipatavyo 90,000, kila kimoja na namba yake, kimoja kikielekeza kwa kingine. Bila simu!

Wako wanaosema haya ni mambo ya wasomi. Hatukubali. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na mahari iliyoakhirishwa ni deni juu ya mume. Mwali aanzie hapo: ukurasa wa mahari, wa mashahidi, wa siku ya makubaliano, aviunge. Mambo ya fundi cherehani na mapishi ya mama mkwe yatafuata. Na bado aandikishe mbele ya anayefungisha ndoa, maana simu si shahidi.

Obsidian huweka maandishi ndani ya simu yako, hata mtandao ukikatika yanafunguka. Lakini simu ikiibiwa na huna nakala, yamekwenda. Weka nakala, weka nywila. Siri za chumbani na aibu za watu usiziandike kabisa. Na ile ramani ya nukta zinazoungana, shoga yetu mmoja ameipamba rangi wiki nzima hajaandika hata jambo moja.

Asubuhi ile bi harusi alimpigia baba yake mdogo Muleba, akasomewa majina kutoka kwenye daftari. Kiasi tulikipata. Tarehe haijaonekana mpaka leo; ukurasa wake ameufungua, na pahala pa tarehe amepaacha wazi.