Tamko kuhusu wasio na hamu ya ngono na haki yao ya ukaribu

Sisi, wanachama wa chama cha kusaidiana hapa Yanonge, tumechoka na shauri la namna moja linaloletwa mbele yetu: binti anakataa wachumba, au mume anampa mke mgongo kila usiku, na ukoo umekwisha kukata neno kwamba huyo ana mume wa usiku, yaani pepo, au amerogwa, au ana mtu wa pembeni. Pasta anaitwa, mganga anaitwa, mfungo unapangwa. Mwenyewe haulizwi.

Tunatamka kwamba wako watu, wake kwa waume, wasiovutwa na ngono kwa mtu yeyote, na hawaumwi. Mtafiti Alfred Kinsey aliwahesabu katika kundi la pekee, akaliita X, tangu kitabu chake cha 1948. Mwaka 2004 mtafiti Anthony Bogaert alipitia majibu ya Waingereza zaidi ya 18,000 akakuta kama mmoja wa namna hii katika kila mia. Hata wakiwa nusu ya hapo kwetu, tunapishana nao sokoni kila wiki.

Asiyetaka ngono huweza kupenda, kuona wivu, kutaka ndoa na watoto. Yuko anayetaka kusukwa nywele na mwenzake hadi giza liingie, walale wameshikana mikono, yaishie hapo. Na kwa kuwa vijana wanatuuliza, tunasema bila kuzunguka: wako pia wanaopenda michezo ya faragha ya kufungwa kamba, kufumbwa macho, kuamriwa na kutii. Raha yao ni kumwamini aliyeshika kamba. Kumwambia mtu huyo kwamba amedanganya, kwamba hamu anayo, ni kumwonea. Kukubali kamba hakumaanishi amekubali kingine chochote. Wawe watu wazima, wapatane kabla, na mmoja akisema basi, kamba ifunguliwe hapo hapo.

Kwa wazazi: Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka kila mchumba akubali kwa kinywa chake. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inampa anayemwoza mtu kwa nguvu kifungo cha mwaka 1 hadi 12. Kusema mbuzi wamekwisha kuliwa na pesa ya mahari imegawanywa si utetezi.

Naye mwenye hali hii hatumwachi bila neno. Amwambie mchumba mapema, kabla mahari haijapakiwa kwenye mtumbwi. Kumficha mtu jambo hili hadi baada ya arusi ni kumnyima naye nafasi ya kuchagua.

Tunawaomba wachungaji waache kuwalazimisha watu mfungo na kuwapiga kwa sababu hii, na wauza dawa za nguvu wasimpe asiyeomba.

Anayetaka kusema nasi aje siku ya soko. Hatutamwita mzazi wala mwenzi wake bila ruhusa yake.

Limetolewa Yanonge, mkoa wa Tshopo.