Dawa ya bei kali yenye inabaki: hospitali iichunge, na pesa irudi

Wandugu wa Bunia, na ninyi wenye munatufuata kutoka Mahagi, Beni na Butembo,

Mu nyumba nyingi za muji wetu kuko sashe moja yenye hakuna mutu anataka kugusa. Iko chini ya kitanda, ao imetundikwa ku musumari. Ndani yake: ampule ine za ceftriaxone, sindano za kuzuia damu isigande, plakete moja na nusu ya dawa ya tansio. Mugonjwa alipona, ao munganga alibadilisha dawa, ao mugonjwa alikufa. Dawa ikabaki. Kuitupa ni ngumu, juu kila mutu mu nyumba anakumbuka mbuzi yenye iliuzwa na deni yenye haijaisha.

Basi watu wanafanya nini? Wengine wanaipeleka ku kafarmasia ka pembeni ya barabara. Inanunuliwa nusu bei, kesho inauzwa bei nzima. Wengine wanapatia jirani: "Twala tu, mama, ni dawa ya nguvu, mimi ilinisaidia." Sisi wenye diplome bila kazi tunajua vizuri dolari kumi ni nini, hatuwezi kumucheka mutu. Lakini tuseme wazi: hii njia ni mbaya, na watu wa Ituri wangepaswa kuwa wa kwanza kuikataa.

Mukumbuke. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, huku kwetu kaskazini-mashariki ya inchi, zaidi ya wagonjwa 1000 walilazwa hospitalini, shingo zimepinda, macho yanaangalia juu, ulimi inje. Watoto wadogo walikuwa wengi kati yao. Mwanzoni watu walifikiri ni meningite. Vipimo vikaonyesha kwamba vidonge vya manjano vyenye viliuzwa kwa jina la diazepam vilikuwa haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili. Ni kweli, vile havikutoka mu sashe ya mutu yeyote. Lakini vilipita kwa sababu tulizoea kumeza kitu chenye hatujui kimetoka wapi. Kidonge chenye hakina tena boite yake, nani atakihakikisha?

Na hata kama boite iko, joto haiandikwi juu yake. Insulini yenye haijafunguliwa inapaswa kukaa kati ya digri 2 na 8. Mu nyumba ya bati, kuranti inakuja saa inataka, unaweza kumupatia jirani maji tu, na yeye anafikiri amepata dawa. Antibiotike nusu nayo haimalize ugonjwa, inafundisha vijidudu kuzoea dawa. Njo maana tangu 1996 OMS inakataza kutoa musaada wa dawa zenye mugonjwa alishapewa kisha akazirudisha. Ufaransa walikuwa wanakusanya zile dawa na kututumia huku Afrika. Tangu mwisho wa 2008 waliacha, sasa zinachomwa.

Kwa hiyo mufukara apoteze tu pesa yake? Hapana. Hapa njo tulitaka kufika.

Mu hospitali zetu nyingi, munganga anaandika dawa ya siku kumi, familia inalipa yote mbele, inapewa sashe mukononi, inaiweka kando ya kitanda. Siku ya tatu matokeo ya labo yanafika: haikuwa ule ugonjwa. Ordonansi ingine, fakture ingine. Ile sashe ya kwanza, farmasia ya hospitali inakataa kuipokea: "Dawa ikishatoka hairudi." Na wana haki, juu hawajui imekaa wapi! Lakini ni nani aliitoa? Ni wao wenyewe waliisukuma inje ya kabati kabla haijatumika. Kisha hasara yote inabebwa na mjane.

Tunaomba kitu kimoja kwa wakubwa wa hospitali na wa zone ya afya: dawa ya mugonjwa mwenye amelazwa isipewe tena familia mu sashe. Ibaki ku farmasia ao mu kabati ya infirmier, ku baridi yake, na jina la mugonjwa juu, itoke kwa siku. Yenye haikutoka haijapoteza kitu, lote ni ile ile, tarehe ni ile ile. Siku ya kutoka hospitalini ihesabiwe mbele ya familia na pesa yake ikatwe ku fakture. Wengine watasema wauguzi wataiuza pembeni. Ndiyo, inaweza kutokea, njo maana familia ibaki na karatasi yake yenye kuonyesha ngapi zililipwa, ngapi zilitumika. Hii haiombi mfadhili wala jenereta mpya. Inaomba daftari. Na kifungu cha 47 cha Katiba kinasema haki ya afya inahakikishwa, hakisemi inahakikishwa kwa mwenye pesa ya kutupa.

Kwa ile yenye iko tayari nyumbani, muipeleke ku kituo cha afya, hata yenye tarehe imepita. Dawa za kifua kikuu na za virusi vya UKIMWI, zenye zinatolewa bure, zirudi kule zilitoka. Wakikataa kuipokea, muulize kwa heshima jina la mwenye anapaswa kuipokea. Musiimwage mu Nyamukau wala mu choo, na musiichome mu uwanja, moshi yake si ya kuvuta. Kama hakuna njia kabisa, toa vidonge mu plakete, changanya na majivu, funga ndani ya sashe, tia mu takataka. Boite uipasue vipande, juu kuko watu wenye wanatafuta boite tupu ili waijaze vitu vyao.

Mwenye iko na mugonjwa hospitalini leo aanze kesho asubui: aombe kulipa dawa ya siku mbili, si ya kumi, na aombe fakture yenye kuandika kila ampule. Zile fakture muzichunge, mufunike jina la mugonjwa, mutuletee. Tutazibeba zote pamoja mbele ya zone ya afya.