Kwa nini simu ya zamani hukataa kufungua kurasa?

Bando lipo, mtandao unasoma, lakini ukurasa haufunguki. Kwa mafundi simu wa Mbagala au Tandale, mwenye simu kuukuu huanza kwa kuilaumu kampuni ya simu. Wakati mwingine tatizo ni kufuli.

Unapoandika neno la siri, simu hulificha kwa kanuni maalumu kabla ya kulituma. Moja ya kanuni hizo, TLS 1.0, ni ya mwaka 1999. Udhaifu wake unajulikana, na Machi 2021 wasimamizi wa viwango vya intaneti walitaka iachwe. Mbona haikufutwa siku hiyohiyo? Kwa sababu zipo programu zisizojua kanuni nyingine. Ukiifuta ghafla, zinakwama.

Android 15, iliyotoka 2024, imeizuia kwa programu zilizotengenezwa kulenga toleo hilo tu. Za zamani zimeachwa ziendelee. Tunaona ni busara, ila haimsaidii mwenye Android 4: simu yake kwa kawaida haitumii TLS 1.2, ambayo tovuti nyingi sasa zinaidai.

Ukinunua simu iliyotumika, fungua kwanza Mipangilio, utazame toleo la Android na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Muuzaji akikuharakisha, mwambie asubiri.