AFYA ZETU: Ukoo wa Penisilini

Juma hili twataka kunena juu ya dawa ambazo wenyeji wengi wa Pipeline, kule Embakasi, Nairobi, huzijua kwa rangi wala hawazijui kwa jina. Katika mtaa ule wa maghorofa yaliyosongamana, maduka ya dawa, yaitwayo kemisti, yako chini ya nyumba wanamokaa watu. Mtu arudipo kazini jioni huku koo lamwuma, huomba "zile nyekundu na njano", akauziwa chache kwa kadiri ya fedha aliyo nayo. Sheria ya Kenya yataka cheti cha daktari. Lakini foleni ya hospitali ni ndefu na kemisti iko mlangoni, basi tusistaajabu.

Zile nyekundu na njano mara nyingi ni amoksilini, nayo ni mtoto wa penisilini, dawa aliyoivumbua Bwana Alexander Fleming huko London mwaka 1928. Ndugu zake ni ampisilini, klosasilini na fluklosasilini. Majina ni mbalimbali, ukoo ni mmoja, na hapo ndipo penye hatari. Mtu aliyepata kuchomwa sindano ya penisilini akatokwa na vipele vya kuwasha mwili mzima, akavimba midomo au akabanwa pumzi, huogopa sindano miaka yote, kisha humeza amoksilini asijue kuwa ni ukoo ule ule. Mara ya pili yaweza kumwua kwa dakika chache. Yampasa amwarifu kila tabibu na kila muuza dawa kabla hajapokea kitu. Na midomo ikivimba au pumzi ikibana, akimbizwe hospitali papo hapo, asingoje kupambazuke. Kichefuchefu au kuharisha kidogo si jambo hilo, ingawa yafaa kumwambia daktari.

Tena, mafua hayaponywi na dawa hizi, wala maumivu mengi ya koo, kwa kuwa huletwa na virusi. Aliyeandikiwa siku 5 na ameze siku 5. Fleming mwenyewe, alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba dozi hafifu huwazoeza vijidudu kuistahimili dawa.

Ile ya unga ya watoto huchanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye alama ya chupa. Zikiisha siku zilizoandikwa, imwagwe, hata ikiwa imebaki nusu.

Na ukipewa vidonge katika bahasha iliyoandikwa "1x3" tu, mrudishie mwuzaji, aandike na jina la dawa.